HEWA NDIYO CHAKULA CHA INJINI

Mashine ya kusaga inayofanya kazi vizuri mjini Moshi inaweza kuchoka ikipelekwa juu mlimani. Inatoa moshi mweusi, na mahindi hayasagiki upesi. Wengine husema, "Ongeza dizeli!" Hebu tuone kama hiyo ni dawa.

Dizeli haiungui bila hewa. Je, hewa inaingiaje? Mnajua daktari anavyovuta dawa kwa bomba la sindano. Akivuta, nafasi inapatikana, na dawa inaingia. Pistoni nayo ni hivyo hivyo. Ikishuka ndani ya silinda, vali ya hewa huwa wazi, na hewa ya nje huingia.

Pistoni haishuki kwa mwendo mmoja. Juu huanza polepole, katikati hukimbia, na chini husimama kidogo ndipo igeuke. Inapokimbia, hewa nayo huingia kwa kasi. Pistoni ikifika chini, hewa bado inakwenda, kama baiskeli inavyoendelea kwenda ukiacha kukanyaga. Kwa hiyo vali huchelewa kidogo kufunga, ili silinda ijae.

Kazi hii ni ya haraka sana. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kila silinda hujazwa mara 750. Njia ya hewa ikiziba, silinda haiwahi kujaa.

Sasa tupande mlima. Mji wa Moshi uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 800. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Huko juu hewa ni nyepesi. Silinda ni ile ile, lakini badala ya hewa ya madebe kumi, inapata kama ya madebe tisa.

Basi, kuongeza dizeli hakuongezi hewa. Dizeli inayozidi haiungui yote. Inatoka kuwa moshi mweusi, na fedha ya kijiji inapotea.

Tufanye nini?
1. Zima injini, kisha safisha chujio la hewa mara kwa mara.
2. Usiendeshe injini bila chujio. Vumbi hula silinda.
3. Mlimani, punguza mahindi yanayoingia kwenye kinu.
4. Moshi mweusi ukiendelea, mwite fundi.

MASWALI
1. Hewa huingia kwa kasi wakati gani?
2. Kwa nini vali huchelewa kufunga?
3. Chujio la mashine yenu lilisafishwa lini?