Ndege wa Pwani Kabla ya Saa Moja Jioni

Aprili 2020 kafyu ya korona ya saa moja jioni ilitubana, na tangu tarehe 8 hukuingia wala hukutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Haya. Ndege wao walivuka, kwani Aprili ndipo wanapofunga safari. Huko kaskazini barafu inaanza kuyeyuka, na vitwitwi waliokaa kwetu tangu Septemba wanarudi kutaga. Ukingoja Mei iishe utakuta wachache waliobaki nyuma.

Kabla ya kutoka, angalia mwezi. Ukiwa mpevu au mwandamo, maji ni ya bamvua: hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Wewe fika saa nane mchana. Maji yanayopanda yatakusogezea ndege mpaka karibu, badala ya wewe kuwafuata mbali kwenye miamba. Jua nalo litakuwa mgongoni. Asubuhi linatoka baharini, linakupiga machoni, na kila ndege anaonekana mweusi. Siku ya pili chelewa kwa dakika 50 hivi, ya tatu vilevile. Bamvua huja pia na mwandamo wa Ramadhani, na hata aliyefunga anawahi futari.

Kama huwezi kufika ufuoni, usijali. Ruka uende sehemu ya uani hapa chini.

Vaa raba za kufunga kamba. Mimi nilienda na kandambili karibu na mikoko. Tope likanifika magotini na kandambili moja iko huko mpaka leo.

Ukifika, keti. Nyamaza dakika kumi. Ndege waliokukimbia watarudi wenyewe.

Sasa mtafute kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini. Desemba alikuwa wa kijivu, humtazami mara mbili. Sasa kifua kinageuka chekundu kama tofali, mabaka mabaka, kama ukuta ambao fundi ameanza kuupaka rangi akaitwa kula. Huyo anaelekea Siberia. Ukiwa Mida, kule Watamu, tafuta pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Chakula chake ni kaa, na akifika pwani za Uarabuni hutaga ndani ya shimo alilochimba mchangani. Ndege wa ufuoni kutaga shimoni! Hilo bado hunishangaza.

Kundi kubwa usilihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, uone kumi wanachukua nafasi kiasi gani, kisha pima kundi lote kwa makumi.

Ukivaa barakoa, itatia ukungu kwenye darubini. Bana ukingo wake wa juu vizuri puani. Huna darubini? Nenda hivyo hivyo.

Uani kazi ni rahisi zaidi. Weka karai la maji lenye kina kifupi, na jiwe katikati la kusimamia. Badilisha maji kila siku, la sivyo unafuga mbu. Mapapai yakiiva, waachie shore papai moja la juu. Mshubiri ukitoa maua, usiukate. Chozi atakuja mwenyewe.

Kunguru wa shingo ya kijivu ni mgeni aliyeletwa Zanzibar karne ya 19, na ni mwizi wa mayai na makinda. Usimwachie mabaki ya chakula uani.

Kama una mnazi wenye mnana, umebahatika. Masika ndiyo wakati wake wa kujenga. Mtazame dume: anauma ukingo wa kuti, anaruka, na uzi mrefu wa kijani unachanika nyuma yake. Anausuka kwa mdomo. Jike akilikataa tundu, dume hulibomoa na kuanza upya.

Andika tarehe, saa, hali ya maji na idadi. Ukitaka orodha yako itumike, ipeleke kwa mradi wa Kenya Bird Map. Wao wamegawa nchi katika miraba ya kilomita 9 hivi kila upande, na wanahitaji angalau saa mbili za kutazama katika mraba mmoja. Saa hizo unazo.

Asubuhi anza hata kabla ya kutoka kitandani. Barabara ikiwa bado kimya, utamsikia tiva: mluzi mzito, na hapo hapo mkwaruzo. Usidanganyike. Huo mkwaruzo mara nyingi ni mwenzake anayemjibu. Andika wawili.