Kwa Mwendo wa Watoto

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Mwa. 33:12–14, Mit. 22:6, Isa. 28:23–29, Yn. 3:1–15, Yn. 4:5–26, Dan. 1:3–20, Ebr. 5:12–14.

Fungu la Kukariri: Mithali 22:6.

Katika darasa moja yumo mtoto anayemaliza hesabu kabla mwalimu hajafuta ubao, na yumo mwingine ambaye bado ananakili swali la kwanza. Mmoja hushika neno akilisikia mara moja. Mwenzake haelewi mpaka aguse kitu kwa mikono yake. Wote hufanya mtihani mmoja, na mwisho wa muhula mmoja huitwa mwerevu na mwingine huitwa mzito. Jina hilo la pili haliishii shuleni. Mtoto hurudi nalo nyumbani, na mara nyingine huingia nalo kanisani, akidhani kwamba hata Neno la Mungu ni la wenye akili nyepesi.

Je, elimu ifuate mahitaji na mapenzi ya kila mwanafunzi, au wote wapewe kitu kile kile kwa namna ile ile? Swali hili linamhusu mzazi, mwalimu wa shule, na pia mwalimu wa lesoni.

JUMAPILI: Yakobo na Kundi Lake

Soma Mwanzo 33:12–14. Esau alitaka wasafiri pamoja, naye alikuwa na watu wazima wenye nguvu. Yakobo alikataa kwa upole. Alijua kwamba watoto wake ni wachanga na kwamba baadhi ya mifugo inanyonyesha; wakikimbizwa siku moja tu, kundi lote lingekufa. Akachagua kwenda polepole, kwa kadiri watoto walivyoweza.

Yakobo hakuwaacha watoto nyuma, wala hakuahirisha safari mpaka wakue. Alipunguza mwendo.

Sasa soma Mithali 22:6. Kwa Kiebrania fungu hili linataja njia “yake” huyo mtoto. Wengine hulielewa kuwa ni njia iliyo sawa ambayo kila mtoto anapaswa kuifuata. Wengine, kuwa ni njia inayolingana na umri na tabia ya mtoto mwenyewe. Malezi mema yanayahitaji yote mawili. Mzazi lazima aijue njia ya Bwana, na lazima amjue mtoto wake.

*Ni lini mara ya mwisho ulipomlinganisha mtoto na ndugu yake? Maneno hayo yalimsaidia au yalimkimbiza?*

JUMATATU: Mkulima na Mazao Yake

Soma Isaya 28:23–29. Mkulima wa Isaya halimi mwaka mzima bila kupanda. Kila mbegu huiweka mahali pake, na wakati wa kupura hatumii chombo kimoja kwa mazao yote. Mbegu ndogo hupigwa kwa fimbo, kwa sababu gurudumu zito lingeziharibu. Hata nafaka ya mkate, inayostahimili gurudumu, haipurwi bila kikomo. Nabii anasema kwamba ni Mungu aliyemfundisha mkulima hekima hiyo.

Mwalimu mwenye wanafunzi sabini anaweza kusema: “Siwezi kuandaa masomo sabini.” Ni kweli. Lakini mkulima huyu naye hana chombo kwa kila punje. Ana vyombo vichache, na anajua kila kimoja kinafaa wapi. Mwalimu naye anaweza kueleza jambo kwa maneno, kisha kwa picha au kitu cha kushikwa. Anaweza kumkalisha mbele mtoto asiyesikia vizuri, kumruhusu anayeandika taratibu ajibu kwa mdomo, na kuwaweka wawili wawili ili aliyeelewa amsaidie mwenzake. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mwalimu anayewatazama wanafunzi wake.

JUMANNE: Usiku na Adhuhuri

Soma Yohana 3:1–15 na Yohana 4:5–26. Nikodemo, mwalimu wa Israeli, alimjia Yesu usiku. Mwanamke Msamaria alikutana naye kisimani yapata saa sita ya mchana. Kwa Nikodemo, Yesu alizungumza juu ya kuzaliwa upya, na akamrudisha kwenye Maandiko aliyoyajua, habari ya nyoka wa shaba aliyeinuliwa na Musa. Kwa mwanamke alianza na kiu na maji, jambo lililomleta pale.

Lakini hakuna aliyepewa tu alichokitaka. Nikodemo alianza kwa heshima, akaambiwa jambo lisilo na budi. Mwanamke alitaka maji yatakayomwondolea taabu ya kuja kisimani, akafikishwa kwenye habari ya maisha yake mwenyewe, kisha kwa Masihi. Yesu alianzia mahali mwanafunzi alipo, akamfikisha kwenye hitaji lake halisi. Mapenzi ya mwanafunzi yalikuwa mlango wa somo. Hayakuwa somo lenyewe.

*Katika kikundi chenu, ni nani ambaye hajawahi kuulizwa anapenda nini au anasumbuliwa na nini?*

JUMATANO: Shule Ambayo Hawakuichagua

Soma Danieli 1:3–20. Danieli na wenzake watatu hawakuulizwa wanapenda masomo gani. Walipangiwa miaka mitatu ya lugha na elimu ya Wakaldayo. Walikataa kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme, lakini hawakulikataa somo kwa sababu ni gumu au geni. Mungu akawapa wote wanne maarifa, na Danieli akapewa zaidi ufahamu wa maono na ndoto.

Mtoto hawezi kujua mapema yote atakayoyahitaji. Akiachiwa achague tu yanayompendeza, atakosa kusoma, kuhesabu, kazi za mikono, na hata sala. Waebrania 5:12–14 inawaonya watu waliopaswa kuwa walimu lakini bado wanahitaji maziwa. Mtoto mchanga apewe maziwa bila aibu, lakini kumnyima chakula kigumu anapokua ni kumdhulumu.

ALHAMISI: Wanafunzi 12 wa Battle Creek

Mwaka 1872 Goodloe Harper Bell alifungua shule huko Battle Creek, Michigan, nchini Marekani, chini ya usimamizi wa kanisa. Alianza na wanafunzi 12. Bell pia aliandaa masomo ya Shule ya Sabato kwa ngazi mbalimbali, ili mtoto asilishwe somo la mtu mzima.

Mwaka huo huo Ellen White aliandika juu ya elimu inayofaa. Alionya dhidi ya kumtawala mtoto kiasi kwamba hawezi kufikiri wala kuamua mwenyewe, na akahimiza masomo yaende pamoja na kazi za mikono. Chuo cha Battle Creek kilipofunguliwa mwaka 1874, mtaala wake uliiga vyuo vya siku zile, Kilatini na Kiyunani vikipewa nafasi kubwa. Ilichukua miaka mingi kanisa kulifanyia kazi shauri lile. Mtaala unaoheshimiwa na watu unaweza kuwapita wanafunzi wenyewe.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Katika kitabu chake *Education* cha mwaka 1903, Ellen White anaeleza kwamba Kristo aliwafundisha watu mmoja mmoja, na kwamba mwalimu wa kweli lazima awafahamu wanafunzi wake binafsi. Linganisha wazo hilo na Yohana 20:24–29 na Yohana 21:15–17. Tomaso na Petro walihitaji maneno tofauti, na wote walirudishwa kwa Bwana yule yule.

Maswali ya Kujadili:

1. Mzazi anataka mwanawe awe daktari, naye mtoto ana mkono wa ufundi. Kutoka 31:1–6 inaweza kuwasaidiaje wote wawili?

2. Ni mambo gani ambayo kila mtoto wa kanisa lazima ajifunze, apende asipende? Ni yapi anayoweza kuchagua?

3. Katika darasa lenu la lesoni yumo asiyejua kusoma, kijana wa chuo, na aliyebatizwa mwezi uliopita. Sabato ijayo, mwalimu afanye nini ili kila mmoja aondoke na chakula chake?

4. Chagueni mtoto mmoja anayeitwa “mzito.” Kikundi kitamsaidiaje kuanzia juma hili, na nani atakwenda kwanza?