Tai wa Kishungi Yuko Wapi? Somo la Kuhesabu Ndege Mla Panya Kutoka Ogwedhi Hadi Ziwani

Panya humsumbua mkulima tangu mahindi yakiwa shambani hadi yanapofika ghalani. Katika maeneo ya Migori na Homa Bay, mmoja wa wanaompunguza panya bila malipo ni tai mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, anayependa kukaa juu ya nguzo za umeme na vilele vya mikaratusi kando ya mashamba. Wakaazi wengi wamewahi kumwona, lakini ni wachache waliowahi kuuliza kama bado yupo kwa wingi uleule wa zamani.

Swali hilo lina uzito. Mwaka 2022, jarida la kisayansi la Biological Conservation lilichapisha utafiti uliolinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kando ya barabara za Kenya miaka ya 1970 na zile za kati ya 2003 na 2020. Aina nyingi zilizochunguzwa zilikuwa zimepungua, na tai wa kishungi alikuwa miongoni mwa walioporomoka zaidi: kwa kila kilomita zilizosafiriwa, alionekana kwa uchache unaozidi asilimia 90 ukilinganisha na zamani.

Hiyo ni picha ya nchi nzima. Haisemi lolote kuhusu Ogwedhi, Uriri, Awendo au Ndhiwa peke yake. Ili kujua hali ya hapa, ni lazima ndege ahesabiwe hapa. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji macho, kalamu, uvumilivu na utaratibu. Somo hili linaeleza utaratibu huo.

Kumtambua

Kosa la kwanza katika hesabu yoyote ni kumwita kila ndege mwenye kucha kwa jina moja. Alama za tai wa kishungi ni hizi:

- Mwili wote ni mweusi au kahawia iliyokolea sana.
- Kichwani ana manyoya marefu yanayosimama na kuyumba upepo unapovuma. Hakuna tai mwingine wa eneo hili mwenye kishungi kirefu kama hicho.
- Macho na miguu ni ya manjano.
- Akiruka, huonyesha doa kubwa jeupe karibu na ncha ya kila bawa, na mkia wake una mistari myeupe na myeusi.
- Huwinda kwa kukaa kimya mahali pa juu akitazama nyasi, kisha hushuka ghafla.

Asichanganywe na mwewe, ambaye Wajaluo humwita otenga. Mwewe ni kahawia, mkia wake umegawanyika mwishoni kama uma, na huzunguka juu ya masoko na boma akitafuta mabaki na vifaranga. Asichanganywe pia na tai mla mizoga, achuth, ambaye ni mkubwa zaidi na hukusanyika penye mzoga, wala na furukombe wa ziwani, mwenye kichwa na kifua cheupe.

Tofauti hii inamgusa mfugaji wa kuku moja kwa moja. Chakula kikuu cha tai wa kishungi ni panya, hasa wale wa nyasi na majani ya bondeni. Mara nyingi hulaumiwa na hata kupigwa mawe kwa kuku aliyebebwa na mwewe.

Kwa nini Ogwedhi ni mahali pazuri pa kuanzia

Ogwedhi iko kwenye mpaka wa Kaunti ya Migori na upande wa Trans Mara, Kaunti ya Narok. Upande mmoja kuna mashamba ya mahindi, miwa na tumbaku; upande wa pili malisho ya ng'ombe yanatanda. Tai wa kishungi hupenda mahali pa aina hii, penye miti kiasi ya kukalia na kujenga kiota, nyasi za kuwindia, na mabonde yenye unyevu ambamo panya huzaana.

Mazingira hayo yamebadilika sana. Miti ya asili imekatwa kwa kuni, makaa na kukaushia tumbaku, na mahali pake mikaratusi imepandwa. Mabonde yamelimwa. Tai huyu anaweza kujenga kiota kwenye mkaratusi, kwa hiyo haikosi makazi moja kwa moja shamba linapoanzishwa. Lakini bonde likikaushwa, panya wake huondoka, na mti mrefu wa mwisho ukiangushwa, hana pa kukaa. Ni mabadiliko gani kati ya haya yanayomwathiri zaidi hapa? Jibu litatoka kwenye ramani inayoonyesha alipo na asipo.

Hatua ya kwanza: gawanya eneo katika miraba

Ramani kubwa ya kwanza ya ndege wa Kenya ilitolewa kama kitabu mwaka 1989 na Adrian Lewis na Derek Pomeroy. Waligawa nchi katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 55. Kwa mraba wa ukubwa huo, ndege aliyeonekana mara moja karibu na ziwa angeweza kufanya eneo lote hadi ndani kabisa lionekane kana kwamba lina ndege huyo.

Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013, unatumia miraba midogo zaidi, yenye upande wa takriban kilomita 9. Kila mraba una ukubwa wa karibu kilomita 85 za mraba. Kaunti ya Migori, yenye takriban kilomita 2,600 za mraba, ingejaa miraba ipatayo 30, na zaidi kidogo ikihesabiwa ile inayokatwa na mipaka. Idadi hiyo inaweza kufikiwa na kikundi cha vijana au klabu za mazingira za shule, kila kimoja kikichukua mraba wake.

Kanuni ya mradi huo ni rahisi. Mtazamaji hutumia angalau saa mbili ndani ya mraba, hupitia kila aina ya mazingira yaliyomo, yaani shamba, bonde, kichaka, kijiji na mto, na huandika kila aina ya ndege kwa mpangilio alivyomwona. Anaweza kuendelea kuongeza kwenye orodha hiyohiyo hadi siku tano. Orodha huingizwa kwa simu kupitia programu iitwayo BirdLasser, au huandikwa kwanza kwenye daftari.

Muhimu zaidi ni kuandika ndege wote, si tai peke yake. Orodha yenye shomoro, njiwa na kunguru lakini isiyo na tai inathibitisha kwamba mtu alikuwepo, alitazama, na hakumwona. Bila orodha hiyo hakuna anayeweza kujua kama tai hayupo au kama hakuna aliyekwenda kutazama.

Hatua ya pili: rudia ziara

"Sikumwona" na "hayupo" ni mambo mawili tofauti. Chukua mfano wa mraba ambamo tai yupo kweli, lakini nafasi ya kumwona katika ziara moja ni nusu. Ziara moja ina uwezekano wa asilimia 50 wa kumkosa. Ziara mbili zote zikimkosa, uwezekano ni asilimia 25. Tatu, asilimia 12.5. Nne, karibu asilimia 6.

Kwa hiyo mraba uliotembelewa mara moja bila kumwona tai usitiwe alama ya "hayupo". Utiwe alama ya "bado". Baada ya ziara nne au tano zisizo na tai, ndipo mtu anaweza kuanza kusema kwa uzito kwamba huenda ameondoka.

Ziara hizo zisambazwe katika mwaka. Miwa ikiwa mirefu, ndege aliye chini haonekani. Ikishavunwa, uwanja huwa wazi na panya hukosa pa kujificha. Pia kati ya Oktoba na Aprili ndege wawindaji kutoka Ulaya na Asia hufika Afrika Mashariki, na anayeanza kazi anaweza kuwachanganya na wenyeji. Tai wa kishungi hahami hivyo, kwa hiyo anaweza kutafutwa mwaka mzima.

Hatua ya tatu: hesabu kando ya barabara

Ramani ya miraba huonyesha mahali. Hesabu ya barabara huonyesha wingi, na ndiyo iliyowezesha kulinganisha miaka ya 1970 na sasa. Gari au pikipiki huenda polepole, dereva akitazama barabara na mwenzake akitazama nguzo, miti na anga. Kila ndege mwindaji huandikwa pamoja na saa na umbali uliosafiriwa. Asubuhi ya baridi ndege wengi bado wametulia. Jua linapopanda, hewa ya moto huwainua na huonekana kwa urahisi zaidi. La msingi ni kurudia njia ileile, kwa mwendo uleule na saa zilezile.

Matokeo hugeuzwa kuwa idadi kwa kila kilomita 100. Huu ni mfano wa kufundishia tu:

- Kikundi A kimesafiri kilomita 40 na kuona tai 2. Gawanya 2 kwa 40, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni tai 5 kwa kilomita 100.
- Kikundi B kimesafiri kilomita 120 na kuona tai 3. Jibu ni tai 2.5 kwa kilomita 100.

Kikundi B kimeona ndege wengi zaidi, lakini eneo la kikundi A ndilo lenye tai kwa wingi. Anayelinganisha idadi bila kulinganisha umbali atapotoka.

Barabara nayo ina upungufu wake. Nguzo za umeme hufuata barabara, na tai hupenda nguzo, kwa hiyo hesabu ya barabarani inaweza kuonyesha wengi kuliko waliomo ndani ya mashamba. Ndiyo sababu njia zote mbili zinahitajika.

Hatua ya nne: uliza wazee, lakini uliza vizuri

Hakuna kumbukumbu iliyoandikwa ya kila kijiji tangu miaka ya 1970. Wazee wanayo kichwani. Anayekwenda kuuliza apitie kwa mzee wa kijiji, asalimie ipasavyo na aeleze shabaha yake, hasa katika maeneo ya mpakani ambako mgeni mwenye daftari hutiliwa shaka.

Swali lisimpe mtu jibu mdomoni. Akiulizwa, "Mzee, tai wamepungua, sivyo?", wengi watakubali kwa heshima tu. Heri aonyeshwe picha kadhaa za ndege na kuulizwa, "Baba, kati ya hawa, ni yupi uliyemjua ukiwa kijana? Mara ya mwisho ulimwona wapi?" Jibu liandikwe katika safu yake, lisichanganywe na ndege waliohesabiwa kwa macho.

Ramani itatumika kwa nini

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndilo lenye mamlaka. Kilimo na ufugaji ni kazi ya kaunti. Tai wa kishungi anaishi katikati ya majukumu hayo mawili: ni mnyamapori anayefanya kazi shambani. Nje ya Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, yeye hukaa kwenye ardhi za watu, na uhai wake uko mikononi mwa wenye ardhi hizo.

Hatari kubwa tatu zinajulikana. Ya kwanza ni sumu. Panya aliyekula sumu za kawaida za dukani hafi papo hapo; hulegea kwa siku kadhaa, na tai humkamata kwa urahisi na kula sumu hiyo. Sumu kali za wadudu zinazopakwa kwenye mzoga ili kuua fisi huangamiza tai wala mizoga kwa makundi. Ya pili ni umeme: mabawa ya tai huyu yakitandazwa huzidi mita moja, na akigusa nyaya mbili kwa pamoja hufa. Ya tatu ni kukata miti mirefu na kukausha mabonde.

Ramani ikionyesha miraba ambamo tai bado yupo, maafisa wa kilimo wa nyanjani watajua pa kuanzia kufundisha mitego, ghala zisizopenya panya na usafi wa boma badala ya sumu. Ikionyesha alipotoweka, swali la "ni nini kilibadilika hapa?" litaulizwa mahali hasa.

Wakati wa kazi hii, mtazamaji asipande kwenye kiota wala asitangaze kilipo. Akikuta ndege au mizoga iliyolala pamoja kana kwamba imelishwa sumu, asiiguse kwa mikono mitupu, awaondoe watoto na mbwa, na atoe taarifa kwa chifu au kituo cha KWS kilicho karibu. Kuua wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013.

Maswali ya kujipima

1. Kikundi kimesafiri kilomita 60 na kuona tai wa kishungi 3. Ni tai wangapi kwa kilomita 100?
2. Mraba mmoja una orodha 10 kamili, na tai yumo katika orodha 3. Ameripotiwa kwa asilimia ngapi?
3. Mraba umetembelewa mara moja na tai hakuonekana. Utiwe alama gani?
4. Ndege wa kahawia mwenye mkia wa uma amebeba kifaranga. Ni tai wa kishungi?

Majibu: (1) Tai 5. (2) Asilimia 30. (3) "Bado", ziara zaidi zinahitajika. (4) Hapana, huyo ni mwewe, otenga.