Ramadhani yangu inaanzia Shaabani

Mwaka niliporudi kazini nikiwa na watoto watatu, Ramadhani ilinielemea. Saumu sikuwa na tabu nayo. Jikoni ndiko nilikozidiwa. Nilikuwa nafika nyumbani Magomeni saa kumi na moja jioni, mihogo bado na maganda yake, nazi hazijakunwa, mtoto ananyoosha daftari la hesabu, na adhana ya magharibi haimsubiri mtu. Karibu kila siku tulifuturu nimenuna. Kumi la mwisho, siku nilizokuwa nimezitamani kwa ibada, nikazimalizia Kariakoo nikitafuta viatu.

Mwaka uliofuata nilianza kujipanga mapema, na kila mwaka nimeongeza kitu. Nayaandika haya kwa mzazi mwenye kazi ya kutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, kwa sababu najua ile saa moja na nusu kabla ya adhana ilivyo.

Wengine wakiwa kwenye vunja jungu, mimi namenya mihogo. Jumamosi mbili za mwisho wa Shaabani nazitenga kwa hilo tu. Ramadhani ikishaingia, bei ya mihogo, nazi na sukari hupanda, na sokoni hakuna nafasi ya kuchagua. Mihogo ndiyo inayohitaji macho. Mwambie muuzaji akuvunjie mmoja mbele yako. Ukiwa mweupe ndani na ganda linabanduka kirahisi, chukua. Ukiona mistari myeusi au ya bluu, acha hata kama amekupunguzia. Nikifika nyumbani naimenya, naikata, naondoa mzizi wa katikati, naosha, kisha naigawa kwenye mifuko, kila mfuko mlo mmoja, inaingia kwenye friza. Siku ya kupika siiyeyushi. Inatoka kwenye barafu moja kwa moja kwenda kwenye maji yanayochemka, na inakuwa laini kuliko ile niliyozoea. Magimbi nanunua wiki kwa wiki. Ndizi mbichi vilevile, asubuhi ya Jumapili pale sokoni Mahakama ya Ndizi, Mabibo, kwa sababu zikikaa sana zinaiva zikawa za kula mezani.

Nazi nilikuwa nakuna mwenyewe kwenye mbuzi kila jioni, nikiamini kwamba tui la jana si tui. Nimeacha. Nakuna nyingi kwa mpigo mmoja (siku hizi masoko mengi yana mashine), nakamua, natenga tui zito na tui jepesi, nagandisha kwenye vikopo vidogo. Tui likiyeyuka hujitenga, mafuta juu na maji chini. Usilimwage, halijaharibika, likoroge tu litarudi. Mihogo iivie kwenye tui jepesi na chumvi. Tui zito litie mwishoni, moto mdogo, na usiondoke jikoni: chota kwa upawa, mimina, chota, mimina, mpaka lichemke bila kukatika. Dakika hizo chache ndizo zinazobeba ladha yote, na huwa simwachii mtu mwingine.

Pilipili manga na iliki za uji nazisaga mara moja kwa mwezi mzima. Kaimati nanunua kwa mama mmoja wa mtaa wetu anayezikaanga barazani kwake, na sioni haya. Futari yetu ni tende, uji, chungu kimoja cha nazi na kitu kimoja cha pembeni, basi. Nimekaa kwenye majamvi yenye vyakula saba ambapo mpishi hakuwa na nguvu ya kunyanyua kijiko.

Daku nilimkabidhi baba watoto. Tulizungumza kabla ya mwezi kuandama, kwa utulivu, nikamwambia: jioni ni yangu, usiku ni wako. Anaamka saa kumi usiku, anapasha wali na maharage, anachemsha chai, ndipo anatuamsha. Wiki ya kwanza aliunguza wali mara mbili, na tuliula. Mazungumzo hayo yafanyike Shaabani. Ukisubiri mpaka wote mna njaa na usingizi, mtagombana.

Binti yangu wa kati alianza kufunga akiwa na miaka minane. Mtoto wa umri huo hajalazimika, kwa hiyo tulimwanzisha na nusu siku, mpaka adhuhuri, siku za mapumziko tu. Siku ya kwanza aliyofika magharibi alikuwa ameshika tende yake tangu saa kumi na mbili kasoro, kwenye kiganja, hataki kuiweka chini. Nyumba nzima ilinyamaza kumsubiria. Adhana ilipoita aliitazama kwanza ile tende, kisha akanitazama mimi. Nikasema, "Bismillahi, mwanangu." Chungu kilikuwa kimeshaepuliwa, kwa hiyo nilikuwa nimekaa naye jamvini wakati huo. Mwaka ule wa kwanza ningekuwa jikoni nikipuliza moto.

Halafu kuna sahani. Jirani akikuletea sambusa kwenye sahani yake, hairudi tupu. Hilo mama yangu alinifunza na mimi nawafunza wanangu, ndio wanaozipeleka. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 18 na sisi tukaanza kufunga wiki hiyohiyo, kwa hiyo jirani yetu Mkristo alikuwa kwenye Kwaresima tukiwa kwenye Ramadhani. Sahani zilivuka uzio mwezi mzima. Ushauri wangu ni kupika kikombe kimoja zaidi ya hesabu ya nyumba yako tangu siku ya kwanza, ili siku sahani ikija usibabaike.

Sasa nguo. Kuna mwaka fundi alitukabidhi gauni la mwanangu usiku wa kuamkia Idi, halina mkono mmoja. Mtoto aliswali Idi na gauni la mwaka uliopita, lililombana makwapani, na alijitahidi asilie mbele za watu. Bado naliona lile gauni. Kitambaa nakipeleka Shaabani, nalipa nusu, na siku ya kuchukua tunaandikiana: mwezi kumi na tano Ramadhani. Nusu iliyobaki nalipa mtoto akishalivaa palepale. Viatu nanunua Rajabu, nikiacha nafasi ya kidole gumba.

Fedha za yote haya zinatoka kwenye kibubu ninachoanza Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Shilingi 1,000 kila siku, na kufika mwisho wa Shaabani kina zaidi ya shilingi 170,000. Mshahara siugusi kwa ajili ya Idi, maana ada na kodi ya nyumba havijui kwamba kuna sikukuu.

Kwa hiyo kumi la mwisho limekuwa langu. Natoka na wifi yangu kwenda tarawehe, tunarudi kwa miguu taratibu, mtaa una harufu ya mishikaki, watoto wametangulia mbele wakikimbizana. Usiku huo hakuna anayeniuliza viatu.

Kazi ya mwisho ni zakatul fitri. Mchele wake nanunua pamoja na wa nyumbani, ila nauweka kwenye gunia lake. Kila mtu pishi moja, kama kilo mbili na nusu, na sisi na mama mkwe tuko sita, ni kilo 15. Mwezi wa Idi ukishatangazwa tunakaa chini, kila mtoto anapima fungu lake mwenyewe. Mdogo hupima polepole, anasawazisha kikombe kwa kidole, anaomba aongeze kidogo. Kisha tunafunga mifuko, na kabla sijalala tunaipeleka nyumba ya tatu uchochoroni, kwa bibi mmoja anayeishi na wajukuu. Mdogo ndiye anayebisha hodi.