Acheni Ile Skrubu ya Throtoli

Kabla hakujapambazuka, pikapu za mboga huwa zimeshajipanga Githurai 45, katika wadi ya Kiuu, injini zikinguruma huku kila dereva akingoja mwenzake amalize kushusha nyanya. Anayesimama pale dakika kumi husikia magonjwa yote. Hii inapiga kelele kana kwamba inapanda mlima na kumbe imesimama. Ile inapanda na kushuka kama mtu mwenye pumu. Nyingine inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza. Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo hilo hilo, yaani mizunguko ya injini wakati gari limesimama na mguu hauko kwenye akseleta. Mwenye safu amezichagua zile zilizomkera zaidi.

Nina Hilux ya petroli yenye injini ya 2TR. Skrubu ya kupandisha mizunguko iko wapi? Fundi ameitafuta saa nzima. (Kimbo)

Haipo, na fundi alipwe kwa saa hiyo akaanze kazi nyingine.

Katika injini hiyo hakuna waya unaotoka kwenye pedali hadi kwenye throtoli. Pedali hutuma habari kwa kompyuta, na mota ndogo ndiyo inayofungua kisahani cha hewa. Kompyuta inajua maji yana joto gani na kama kiyoyozi kimewashwa, kisha inaamua injini izunguke mara ngapi. Zikishapata moto, injini nyingi za petroli hutulia kati ya 650 na 850 kwa dakika.

Kwenye pikapu za zamani kidogo, zenye waya wa akseleta, kuna skrubu ndogo pembeni ya throtoli, aghalabu imepakwa rangi au kufungwa kwa nati. Hiyo ni kizuizi cha kisahani tu, na ilipimwa kiwandani. Ukiigeuza, sensa ya throtoli inaiambia kompyuta kwamba mguu bado uko kwenye pedali. Kompyuta nayo inaacha kuisimamia injini kama injini iliyotulia, na hata ule ujanja wa kukata mafuta gari likiteremka unapotea. Mizunguko imepanda, ndiyo. Ugonjwa uko pale pale, na sasa yako mawili.

Mazoea haya yalitoka kwenye kabureta. Fundi wa Datsun 1200 alikuwa na skrubu ya mchanganyiko na skrubu ya mizunguko, na sikio lake lilitosha. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka 8, kwa hivyo kabureta zilikoma kushuka bandarini Mombasa zamani. Bisibisi ilibaki.

Asubuhi inanguruma kwa 1,400. Je, imeharibika? (Barua saba: Ruiru, Juja, Makongeni, Gatundu na kwingineko)

Barua hizi saba zina majibu mawili. Wanne kati yenu waliandika kwamba mshale hushuka wenyewe baada ya dakika chache. Hao hawana tatizo. Asubuhi ya Julai huku kwetu ni ya baridi, na injini baridi huhitaji hewa na petroli zaidi ili isizime.

Watatu waliobaki walisema mshale haushuki, hata wakifika Thika. Wote watatu, kama wameambizana, waliongeza sentensi ile ile: fundi alitoa themostati kwa sababu "Kenya ni nchi ya joto".

Hapa mwenye safu anaomba radhi kwa urefu wa jibu.

Themostati haijali hali ya hewa ya nje. Ni mlango unaoyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake wa kufanyia kazi. Za Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Tokyo mwezi Agosti kuna joto kuliko Thika, na Wajapani hawatoi themostati zao. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na ukiwa kwenye barabara kuu ya Thika upepo unayapoza kila unapokwenda. Injini haifiki kwenye joto lake.

Sasa itazame kompyuta. Haina macho. Inaitegemea sensa ya joto la maji, ambayo ukinzani wake hupungua kadiri maji yanavyopata moto: kwenye Toyota nyingi ni kama kilo-omu 2.5 kwa nyuzi 20, na kama kilo-omu 0.3 tu kwa nyuzi 80. Maji yakibaki vuguvugu, kompyuta inaamini bado ni saa kumi na mbili asubuhi. Inaongeza hewa na petroli siku nzima. Plagi zinakuwa nyeusi, petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na mwenye gari analalamika kwamba pikapu "inakunywa". Ndipo fundi yule yule anapoleta bisibisi kuishusha mizunguko aliyoipandisha mwenyewe.

Na kama aliitoa kwa sababu injini ilikuwa ikichemka? Chanzo chake kwa kawaida ni rejeta iliyoziba kutu kwa kujazwa maji ya mfereji miaka mingi, kifuniko kisichoshika presha, au feni iliyochoka. Tena kuna injini ambazo themostati yake huziba pia njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, maji mengi yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na injini inachemka zaidi mlimani.

Nunua mpya. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto: ikiwa baridi iwe imefunga, na ianze kufunguka karibu na nambari iliyopigwa juu yake.

Nilinunua pikapu Mombasa. Je, nirekebishe mizunguko kwa sababu ya mwinuko wa huku? (Ruiru)

Thika na Ruiru ziko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa kama asilimia 17. Kabureta ilihitaji kurekebishwa. Injini yako hupima hewa yenyewe. Usiguse kitu.

Nikishusha mizunguko hadi 500 nitaokoa petroli? (Juja)

Hapana. Ukitaka kuokoa, zima injini unapongoja mzigo.

Mshale unapanda na kushuka, 600, 1,200, 600. Nimebadilisha plagi na pampu. (Barua nne)

Mmenunua vipuri kabla ya kutafuta hewa inayoingia kwa wizi. Injini ikinguruma, nyunyizia maji kidogo kidogo kwenye mipira ya hewa na kwenye gasketi ya manifoldi, mbali na nyaya za umeme. Mlio ukibadilika, umepata ufa. Msitumie petroli kwa jaribio hili. Karibu na manifoldi ya moshi, hiyo ni njia ya kuchoma gari.

Kama hakuna ufa, safisha throtoli na valvu ya hewa kwa dawa yake na kitambaa, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Kwenye throtoli ya mota, usisukume kisahani kwa kidole, kwa maana gia zake ni ndogo na huvunjika. Baada ya kusafisha, au baada ya betri kutolewa, mizunguko inaweza kuwa ya ajabu kwa muda mpaka kompyuta ijifunze upya. Nissan nyingi zina utaratibu wake wa kufundishwa. Huo si ugonjwa wa kutafutiwa skrubu.

Yangu kweli ina skrubu. (Hardbody ya KA24E, Gatundu, Hilux ya 22R-E, Thika)

Basi ninyi mmeruhusiwa. Injini iwe imepata moto, taa na feni zimezimwa, gia huru, na taimingi imepimwa kwanza. Kwenye KA24E, chomoa plagi ya sensa ya throtoli kabla ya kugeuza, kisha irudishe. Kwenye 22R-E ya gia za mkono, lengo ni 750. Geuza ile ya njia ya hewa, si ile ya kizuizi cha kisahani. Dizeli za zamani kama 2L, 3L na 5L zina skrubu yao halali kwenye pampu. Za D-4D hazina.

Taa ya oili inawakawaka gari likisimama. Fundi amepandisha mizunguko na taa imezima. (Murera)

Rudisha mizunguko ilipokuwa, zima injini, vuta kijiti upime oili. Ikiwa iko sawa, fundi afunge geji ya presha mahali pa swichi ya taa na asome nambari. Usiendeshe gari hilo hadi Nairobi.