Je, kutazama picha za wanyama ni kuiga?

Swali: Nataka kubuni kiumbe wangu mwenyewe, lakini kila nikitazama picha za wanyama naona kama naiga. Nichore kwa kichwa tu?

Jibu: Usiziache picha. Mkono usiotazama kitu hurudia ulichokizoea, ndiyo maana majoka ya kubuniwa kichwani hufanana mno. Godzilla wa filamu ya Kijapani ya 1954 alitokana na dinosaria wanaojulikana: umbo la Tyrannosaurus na Iguanodon, mabamba ya mgongoni ya Stegosaurus. Hata hivyo hakuna anayemwita nakala, kwa kuwa mchanganyiko ule ulibeba jambo zito, hofu ya silaha za nyuklia.

Utasema kufuatisha picha ya mtu ni wizi. Ukiifuatisha mstari kwa mstari, kweli ni wizi. Lakini kuchunguza picha nyingi za mguu wa nyuma wa mbuzi hadi ugundue kwamba kinachoonekana kama goti lililopinda kinyume ni kisigino, na goti lenyewe liko juu karibu na tumbo, huko ni kujifunza. Kisha zifunge picha, uchore vielelezo vidogo vya harakaharaka, ukijiuliza kiumbe wako anakula nini na anaishi wapi. Akiwa wa matopeni, vidole vyake vitatanuka.