Somo la Ushonaji: Kuzijua Zari, Gota na Lesi za Mavazi ya Kihindi

Sari au lehenga ya harusi ni kazi yenye malipo mazuri kwa fundi wa cherehani, lakini pia ina hatari yake. Mshono unaweza kuwa safi kabisa na nguo bado ikaharibika, kwa sababu fundi hakujua pambo la ukingoni limetengenezwa kwa kitu gani. Pindo likiungua kwa pasi, hasara ni ya fundi.

Wakenya wenye asili ya Kihindi walitambuliwa rasmi mwaka 2017 kuwa jamii ya 44 nchini, na mavazi yao hufika mara kwa mara mikononi mwa mafundi wa hapa. Ni vyema mapambo yake yajulikane.

Aina kuu

Zari: Jina hili si geni Pwani, ambako joho hutiwa zari. Zari ya asili ni waya mwembamba wa fedha uliozungushwa kwenye uzi wa hariri na kupakwa dhahabu. Mji wa Surat, katika jimbo la Gujarat, unasifika kwa kazi hii. Siku hizi ipo pia zari ya waya wa shaba, na ya plastiki inayong'aa, ambayo ndiyo nafuu zaidi.

Gota: Huu ni utepe unaometameta kutoka Rajasthan. Hukatwa na kukunjwa kuwa majani na maua, kisha hushonwa juu ya kitambaa kwa mkono.

Vioo: Watarizi wa Kutch, huko Gujarat, hushika kila kioo kidogo kwa nyuzi zinazozunguka ukingo wake. Vya bei nafuu hubandikwa kwa gundi.

Lesi: Za pamba au poliesta huwekwa kwenye kingo za dupata, mikono na shingo.

Kutambua

Fundi akate kipande kidogo, akishike kwa koleo mbali na nguo, na kukichoma. Plastiki huyeyuka na kuacha donge gumu. Penye waya, uzi huungua na waya hubaki. Waya ukikwaruzwa na kuonyesha wekundu, ni shaba.

Lesi ya pamba ilowekwe na kukaushwa kabla ya kushonwa. Isipofanyiwa hivyo, itarudi ndani baada ya kufuliwa na kukunjakunja pindo. Kitambaa chenye rangi kali nacho kisuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa ili kujua kama kinachuja.

Kupima

Lehenga ya duara kamili hula utepe mwingi kuliko macho yanavyodhani. Chukua kiuno cha sentimita 75. Gawa kwa 6.28, unapata takriban 12. Ongeza urefu wa sketi, tuseme sentimita 100, jumla 112. Zidisha kwa 6.28: pindo lina sentimita 703, yaani mita 7 na ushei. Utepe wote ununuliwe kwa mara moja, kwani rola nyingine inaweza kutofautiana rangi.

Upana nao una hesabu yake. Utepe wa sentimita 5 ukizungushwa kwenye duara hilo, ukingo wake wa juu unahitaji sentimita 31 pungufu ya ule wa chini. Bila kupunguza kwa vikunjo vidogo vilivyosambazwa sawasawa, utepe utasimama. Ushikizwe kwanza kwa mkono, bila kuvutwa, ndipo upitishwe cherehani.

Kutunza

Nguo ipigwe pasi upande wa ndani, kwa moto mdogo, juu yake pakiwa na kitambaa cha pamba. Manukato, jasho na unyevu hufifisha zari ya madini. Ihifadhiwe ndani ya kitambaa safi cha pamba, si mfuko wa plastiki, na mikunjo ibadilishwe mara kwa mara ili nyuzi zisikatike.

Fundi anapopokea kazi, aandike kwenye risiti aina ya pambo na hali ya nguo ilivyoletwa, na mteja athibitishe. Kipande cha majaribio kibandikwe hapo hapo. Ukizuka mzozo baadaye, karatasi hiyo itamlinda fundi na mteja pia.